Fahamu Little Moreton Hall: nyumba ya mbao iliyopinda bila kuanguka

Msikilizaji, ukiona picha ya Little Moreton Hall kwenye simu yako, unaweza kudhani mpiga picha aliinamisha kamera. Kuta zimelala upande na sakafu ya juu ina mabonde. Kamera haina kosa. Nyumba yenyewe ndiyo iliyopinda.

Iko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mji wa Congleton, na imezungukwa na handaki la maji. Ukoo wa Moreton, uliokuwa na ardhi kubwa, ulianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500. Vizazi vilivyofuata viliiongeza hadi mwaka 1610 hivi.

Imejengwaje?

Uzito wake unabebwa na kiunzi cha mti mgumu uitwao mwaloni. Ncha ya boriti ilichongwa kama ulimi, ikaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kikapigwa kuzifunga. Nafasi kati ya miti zilijazwa fito, udongo na chokaa, kazi ambayo fundi wa nyumba za udongo huku kwetu angeielewa mara moja.

Mafundi walijivunia kazi yao. Seremala Richard Dale aliacha jina lake limechongwa juu ya madirisha aliyoyatengeneza mwaka 1559.

Kwa nini imepinda?

Juu kabisa, upande wa kusini, kuna ukumbi mrefu wa karibu meta 21, wenye madirisha pande zote. Paa lake limeezekwa kwa vibao vizito vya mawe. Mzigo huo umeielemea miti ya chini mwaka hadi mwaka.

Mbona haijaanguka?

Viungo vya ulimi na kigingi hucheza kidogo bila kuachia, na mwaloni huweza kupinda polepole bila kukatika. Lakini mti peke yake haukutosha. Mwishoni mwa karne ya 19 ukumbi ule ulifungwa vyuma vya kuushikilia. Mwaka 1938 nyumba ilikabidhiwa shirika la hifadhi la National Trust, ambalo limeendelea kuikarabati.

Kwa hiyo tunapoisifu kwa kusimama miaka 500, tuwakumbuke pia wanaoikagua na kuitengeneza. Na anayetaka kuongeza chumba juu ya nyumba yake aanze kwa kumuuliza fundi: nguzo za chini zitabeba?