Kungu ya Manga, Chungu cha Daraja Mbili

Lugha ina kumbukumbu zake, wala si zote zilizo timilifu. Mswahili wa kale alipoipokea kokwa hii ngumu yenye kunukia, aliifananisha na kungu, tunda la mkungu utiao kivuli katika viwanja vya miji yetu. Na kwa kuwa ilimfikia kwa majahazi ya Waarabu, akaipa nasaba ya Manga, yaani Arabuni, na hasa Omani. Ndivyo alivyofanya pia kwa pilipili manga. Waama, si pilipili ile wala kungu hii iliyoota Manga. Jina limemhifadhi mchukuzi, likamsahau mkulima.

Mkulima huyo alikuwa Mbanda. Visiwa vya Banda, vidogo mno katika bahari ya Indonesia, ndivyo vilivyokuwa asili ya mkungumanga. Kwa karne nyingi wenyeji wake waliwauzia Wajava, Wamalai na Waarabu, hata bidhaa ikafika Aden, Kairo na Venice. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana wa kampuni ya Kiholanzi, alivivamia visiwa hivyo ili biashara iwe ya kampuni yake peke yake. Katika watu wanaokadiriwa kufikia 15,000, walionusurika kubakia Banda walikuwa kama elfu moja tu. Mashamba yakagawiwa wageni, yakalimwa na watumwa.

Msomaji wa Unguja na Pemba hatashangazwa na habari hiyo, kwani karafuu nayo ililimwa hapa kwa jasho la watumwa hadi utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1897. Miti hii miwili ni ndugu wa safari. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuingiza miche yake Mauritius, akiuvunja ukiritimba wa Waholanzi. Na ni kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa karafuu ilikofikia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Karafuu ikatawala mashamba. Mkungumanga ukabaki mti wa pembeni, wa mwenye subira: kuna miti dume na miti jike, na mpanzi hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kujua ameotesha upi.

Tunda lake likiiva hupasuka, likaonyesha utando mwekundu kama ushanga wa bibi harusi. Utando huo ndio basbasi; kokwa iliyo ndani ya gome ndiyo kungumanga. Jikoni haitiwi nzima. Hukwaruzwa kidogo, mwishoni, kwa kuwa harufu yake haikai ikishasagwa. Hutiwa katika halua pamoja na iliki, katika pilau, na katika uji wa maziwa. Husimuliwa pia Unguja kwamba wanawake huitia katika uji siku za harusi ili haya zipungue na ngoma ikolee. Pamoja na masimulizi hayo huenda onyo: ikizidi, hugeuka sumu, ikaleta kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kipimo hicho hakikuandikwa popote. Kilipita kutoka kwa mama hadi kwa binti, kwa jicho na kwa ncha ya kisu.

Vipi basi kokwa hii ikapanda hadi chini ya Mlima Meru? Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani ilibeba nguo, shanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu. Viungo vya chungu havikuwa bidhaa yake kuu. Vilifuata watu waliohamia. Wajerumani walipojenga boma Arusha mwaka 1900, mji uliochipuka kando yake ulivuta wachuuzi wa pwani na wenye maduka wa Kihindi, ambao kungumanga waliijua kwa jina la jaiphal. Reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Tangu hapo, kifurushi cha viungo hakikuwa tena mzigo wa kichwani.

Leo, katika kata ya Daraja Mbili jijini Arusha, pilau hupikwa Idi, na hupikwa Krismasi. Wenyeji wa mlima, Waarusha na Wameru, walikwisha kuwa na loshoro yao ya mahindi na maziwa ya mgando. Maziwa hawakufundishwa na mtu. Walichopokea ni chai ya maziwa yenye viungo, na humo kungumanga ilikuta mwenyeji wake. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tusione basi kwamba bara wameazima kilicho chetu. Nasi tuliazima, na tulichoazima kilikuwa na damu ya Wabanda. Haki ya kuiita kungumanga yetu, visiwani na Daraja Mbili sawia, imetokana na mikono ya wapishi walioijua kadiri yake. Na mikono hiyo sasa inaachiwa kazi ndogo. Viungo huuzwa vimekwisha kusagwa na kuchanganywa, na binti anayefungua pakiti hajui ndani yake mna nini, wala kiasi gani. Mabinti wa pwani na wa bara wapewe kokwa nzima na kisu, na kando yao akae mtu mzima wa kuwaambia: basi, yatosha.