Kilomita 235 kwa Karibu Miaka Saba

Ukinyoosha mstari kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA, hadi ule wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, unapata takriban kilomita 235. Ndege ya mapangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingeumaliza mstari huo chini ya nusu saa. Hata hivyo, ratiba huandika karibu saa nzima, kwa sababu ndege hujikokota uwanjani kabla ya kuruka, hupanda taratibu, na kule iendako huenda ikazunguka kwanza ndipo itue. Hiyo ni hesabu ya marubani. Mimi ninayesoma shahada ya uzamili ya historia nina hesabu nyingine, maana kuna kipindi mstari huo ulikatika kwa karibu miaka saba.

KIA ilifunguliwa mwaka 1971, katikati ya Arusha na Moshi. Watalii wa Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro walikuwa wakishukia Nairobi, wakipanda magari ya kampuni za huko, na sehemu kubwa ya fedha zao ikibaki hukohuko. Tanzania ilitaka mgeni ashukie mlangoni kwake. Usafiri wa anga wenyewe ulikuwa bado wa pamoja. East African Airways, shirika lililoanza kazi mwaka 1946, lilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, makao makuu yakiwa Nairobi.

Mwanzoni mwa 1977 shirika hilo lilivunjika, likiwa limezama katika madeni na mabishano ya nani alipe nini. Januari Kenya ikaunda Kenya Airways. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya kitalii na ndege ndogo zilizosajiliwa Kenya zikazuiliwa. Machi ikazaliwa Air Tanzania. Kabla mwaka haujaisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa imekufa. Matumaini yalikuwa kwamba watalii sasa wangekuja KIA moja kwa moja. Wengi hawakuja. Waliishia Kenya, na hoteli za kaskazini mwa Tanzania zikakosa wageni.

Vitabu ninavyovisoma huyaeleza haya kama ugomvi wa mali: nani alibaki na ndege, nani na mabehewa ya reli. Bibi yangu, mzaliwa wa Machame, huyaeleza kwa habari za dada yake aliyeolewa Kiambu. Baba yao alizikwa mwaka 1979 na dada huyo hakuwepo. Anasema siku za matanga, usiku, taa za uwanja wa ndege zilionekana kule chini tambarare, na hakuna aliyezitaja.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, nchi tatu zilipokubaliana jinsi ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha mwaka 1999. Leo abiria hufunga mkanda KIA, hunywa soda, na kabla hajaimaliza ndege inaanza kushuka Nairobi.

Katika tasnifu yangu nimeacha kuandika umbali kwa kilomita peke yake. Kando yake naweka mwaka. Kilomita 235 za 1976 si kilomita 235 za 1978.