Mawenzi Hakudanganya

Mtoto aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro hakosi kuusikia ugomvi wa Kibo na Mawenzi. Wengine husimuliwa kwamba walikuwa ndugu, wengine mume na mke. Bibi yangu, mtu wa Old Moshi, alisema walikuwa majirani tu.

Moto wa Mawenzi ulizimika. Akachukua kigae, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Alimkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa kaa na ndizi kidogo za kutafuna njiani. Zilikuwa tamu mno. Kabla hajafika kwake akalizima lile kaa, akarudi: jirani, moto umezimika tena. Akapewa tena, vyote viwili. Mara ya tatu Kibo aliinua mchi, akampiga nao kichwani mpaka akachoka, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo na Kibo yuko duara, mweupe, kama mzee aliyenyoa.

Tulikuwa tunacheka sana hapo. Hakuna aliyemuuliza bibi tunajuaje kwamba Mawenzi alilizima kaa kwa makusudi. Ushahidi ulikuwa uso wake.

Nilipoanza kusoma habari za miamba, nilijikuta namwonea haya. Mlima huu ni volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Mawenzi alianza kabla ya Kibo, na moto wake ulikufa kweli, zamani sana. Mapengo yale yamechongwa na mvua, barafu na miaka. Kibo ndiye ambaye hadi leo anatoa mvuke wenye harufu ya kiberiti kwenye shimo la Reusch, huko juu. Jirani aliyesema moto wangu umezimika alikuwa anasema kweli, na mwenye moto alikuwa nao wa kutosha.

Shahada yangu ya uzamili ni ya historia, si ya miamba, na huko nako nimekuta hukumu za uso. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetokea Rabai, pwani ya Kenya ya leo, aliona weupe kileleni tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake wa njia aliuita baridi, basi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima, alisema theluji karibu na ikweta haiwezekani, na aliendelea kubisha hata baada ya Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na 1862 na kumuunga mkono Rebmann.

Ungedhani mtu aliyeitwa mwongo hivyo angekuwa mwangalifu kuwahukumu wengine.

Safari yake ya kwanza ilimfikisha Kilema. Ya pili ilimfikisha Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokewa vizuri sana. Akauamini ukarimu ule kiasi kwamba mwaka 1849 alirudi Machame na wapagazi 30 hivi, na shehena ya kumfikisha Unyamwezi. Mara ya tatu, kama Mawenzi. Mamkinga aliichukua shehena ile kidogo kidogo mpaka safari ya Unyamwezi ikafa. Wakati wa kuagana mgeni alitemewa mate, ambayo kwa Wachagga wa siku zile yalikuwa baraka, na baraka yenyewe ikadaiwa nguo.

Katika simulizi ya Rebmann, Mamkinga anabaki tapeli aliyevaa sura ya mwenyeji. Simtetei sana, mtu alirudi pwani mikono mitupu. Lakini jaribu kusimama mlangoni kwa mangi. Mgeni uliyemlisha safari iliyopita, aliyekuja na mwavuli na mizigo michache, leo anataka kupita kwako na mali ya kuwapelekea watawala wengine. Wewe unaishi kwa ushindani na mangi wa Kibosho na wa Moshi, na mali inayopita bila kushuka inawanufaisha wao. Mamkinga hakuona anaiba. Aliona kaa la moto alilolitoa linarudi. Kitabu kilichotufikia, hata hivyo, kiliandikwa na mgeni.

Desemba iliyopita nilimweleza bibi haya yote jikoni, pamoja na habari za volkano. Alisikiliza huku akimenya ndizi za mtori. Nikamuuliza kama Kibo aliwahi kumpelekea Mawenzi jani la sale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha huwezi kulikataa.

“Hiyo hawakunisimulia,” alisema. Akafikiri kidogo. “Na nyie mliosoma mnachelewa kweli kuuliza.”

Kisha akanituma kwa jirani. Kiberiti kilikuwa kimekwisha.