Rojhaz na Kitendawili cha 1602

Mtega kitendawili ana haki ya kuficha jibu; hana haki ya kulibadilisha pindi asikiapo watu wamelikaribia. Kanuni hiyo anaijua mtoto yeyote aliyewahi kudai mji, lakini katuni za Marekani ziliivunja mara kwa mara. Mwaka 1983 adui mpya aitwaye Hobgoblin alitokea katika hadithi za Spider-Man akiwa amefunika uso, na wasomaji wakaanza kukisia ni nani. Roger Stern, mwandishi aliyemuumba, aliuacha mfululizo huo kabla ya kumvua barakoa. Waliompokea wakaja na mawazo yao, na mwaka 1987 ikatangazwa kwamba alikuwa mwanahabari Ned Leeds, ambaye wakati huo alikwisha kufa. Mwaka 1997 Stern alirudi akaandika kwamba Leeds alisingiziwa. Mwenyewe hasa ni tajiri Roderick Kingsley. Miaka 14 ya kukisia ikazaa majibu mawili, kwa kuwa jibu lilitegemea nani amekalia meza ya kuandikia. Msomaji hakuwa na pa kusimama nje ya meza hiyo.

Kwa sababu hiyo Marvel 1602, iliyoandikwa na Neil Gaiman na kuchorwa na Andy Kubert katika matoleo 8 kati ya 2003 na 2004, ina nafasi ya pekee katika historia ya desturi hii. Kuwavika mashujaa mavazi ya kale halikuwa jambo jipya. Gotham by Gaslight ya 1989 ilimpeleka Batman karne ya 19 amsake Jack the Ripper, ila huko hapakuwa na la kukisia kuhusu shujaa: jalada lenyewe lilikwisha kumtaja. Gaiman aliwapeleka watu wake Uingereza ya Malkia Elizabeth I, akageuza majina, akawaacha wasomaji wabishane kati ya toleo na toleo. Nionavyo, kilichowaficha mashujaa hao ni historia yenyewe, maana kila mmoja alikalishwa kwenye kiti ambacho zama zile zilikwisha kukichonga. Nicholas Fury ni mkuu wa majasusi wa Malkia, kazi aliyoifanya Francis Walsingham hadi alipokufa mwaka 1590. Daktari Strange ni tabibu wa kasri mwenye elimu ya siri, na nyuma yake kinapita kivuli cha John Dee, mnajimu aliyetumiwa na Malkia huyo huyo. Magneto, ambaye katuni za kawaida zinamjua kuwa Myahudi aliyenusurika Auschwitz, hapa ni mkuu wa Baraza la Kuhukumu Wazushi la Hispania: anawachoma wenye vipaji vya kuzaliwa kama vyake, na asili yake ya Kiyahudi ameifukia moyoni. Wayahudi wa Hispania walifukuzwa mwaka 1492, na waliobaki kwa kubatizwa, wao na wajukuu wao, waliishi wakipelelezwa hadi vyungu vya jikoni. Anayelijua hilo hashangai kumkuta mtu wa sura mbili katika joho la hakimu.

Mkosoaji atasema huu ni mchezo mwepesi: Peter Parquagh ni Peter Parker, Carlos Javier ni Charles Xavier, na Matthew Murdoch hata hakufichwa. Ni kweli, lakini majina hayo yalikuwa chambo. Aliyeyafumbua upesi alijiona bingwa, kisha akafika kwa Rojhaz. Huyu ni pande la mtu aliyevaa kama wenyeji wa Amerika, nywele zake za rangi ya dhahabu, mlinzi wa msichana Virginia Dare. Virginia alikuwako kweli: alizaliwa Roanoke tarehe 18 Agosti 1587, mtoto wa kwanza wa Kiingereza kuzaliwa Amerika, naye akapotea pamoja na walowezi wengine zaidi ya mia moja. Katuni inawaacha hai. Basi msomaji wa historia alikuwa na maelezo ya nywele zile, kwa kuwa mwaka 1709 John Lawson aliandika kwamba wenyeji wa Hatteras, jirani na Roanoke, walimwambia baadhi ya mababu zao walikuwa weupe, naye akaona ushahidi katika macho yao ya kijivu. Kadiri mtu alivyosoma zaidi, ndivyo alivyopotea zaidi. Jibu lilikuwa sikioni: litamke jina, utasikia Rogers. Ni Steve Rogers, Captain America, aliyetupwa nyuma kutoka wakati ujao.

Wanahistoria nao wana lao. Elizabeth alikufa kitandani tarehe 24 Machi 1603, ilhali katuni inamuua mapema kwa hila ya adui aitwaye Doom. Hila ni ya kubuni, hilo halina ubishi. Kuhusu mwaka, mkosoaji ajihadhari: Waingereza wa wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na kwa hesabu ya makarani wake Malkia alikufa siku ya mwisho ya 1602.

Pingamizi zito ni jingine, na sina la kulizima. Mwenyeji wa pekee mwenye nafasi kubwa katika hadithi hii anageuka kuwa Mzungu aliyejivika nguo za wenyeji, na waliomkisia sawasawa walishangilia kumwondoa. Nafasi ya mwenyeji wa kweli ilikuwapo, na mtu wa kuikalia pia: Manteo wa kisiwa cha Croatoan, aliyefika London, akabatizwa Roanoke siku chache kabla Virginia hajazaliwa. John White, babu wa mtoto huyo, alikuwa amekubaliana na walowezi kwamba wakihama wachonge jina la waendako, na wakihama kwa dhiki waongeze msalaba. Aliporudi mwaka 1590 alikuta nguzo imechongwa CROATOAN, bila msalaba. Dhoruba ilizuia meli zake kufika huko, na Waingereza wakaendelea kuuliza watu wao walikokwenda.