Jeli ya klindamisini
Jeli ya klindamisini ni dawa ya kupaka yenye kiuavijasumu, itumikayo kutibu chunusi, hasa zilizovimba au kutunga usaha. Kwa kawaida huwa na klindamisini asilimia 1. Huzuia bakteria aina ya Cutibacterium acnes kutengeneza protini, hivyo kuwapunguza katika vitundu vya vinyweleo na kutuliza uvimbe. Hupakwa eneo lote lenye chunusi, mara 1 au 2 kwa siku. Nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa. Ikitumiwa peke yake, bakteria huweza kujenga usugu, ndiyo maana huambatanishwa na benzoili peroksaidi. Ngozi yaweza kukauka au kuwasha. Kuhara sana au kuhara damu hutokea kwa nadra. Hali hiyo ikitokea, mgonjwa huacha dawa na kumwona daktari.