Tegu wa utumbo na vifuko vya tegu

Tegu wa nguruwe, Taenia solium, humletea binadamu maradhi mawili: teniasisi na sistisekosisi. Mazungumzo ya kila siku huyachanganya yote kuwa "ugonjwa wa tegu", ilhali mwenendo na hatima yake ni tofauti kabisa. Napendekeza la kwanza tuliite tegu wa utumbo, la pili vifuko vya tegu.

Tegu wa utumbo humpata mtu wa Likasi, Kongo, aliyekula michopo (nyama choma) ya nguruwe isiyoiva. Ndani ya nyama hiyo mna vifuko vyeupe vya lava, kila kimoja karibu sawa na punje ya mahindi. Lava akifika utumboni, hukomaa kwa miezi 2 hivi, akarefuka mita kadhaa na kuishi miaka. Mgonjwa huona vipande vyeupe chooni. Tumbo humsumbua kidogo, au asihisi kitu. Matarajio ni mema: kwa kawaida dozi moja ya niklosamidi au prazikwanteli hummaliza tegu.

Vifuko vya tegu haviletwi na nyama. Huletwa na mayai yaliyomo katika kinyesi cha mwenye tegu, yakaingia kinywani kwa mikono, maji au mboga. Hata asiyekula nguruwe kamwe huweza kuvipata. Lava anayetoka katika yai hupenya utumbo na kusafiri na damu hadi misulini, machoni au ubongoni. Ubongoni hukaa kimya hata miaka. Lava anapoanza kufa, uvimbe hutokea na mara nyingi kifafa huanza.

Hapo matarajio hutegemea idadi ya vifuko na mahali vilipo. Wengi hutulia kwa dawa za kifafa, lakini vifuko vikiziba njia ya maji ya ubongo, maisha yamo hatarini. Dawa ya kuua lava hufuata picha ya skana, na huambatana na dawa za kutuliza uvimbe.

Tatizo hili lipo Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta alama za lava hai katika damu ya zaidi ya mtu 1 kati ya 5 kijijini Malanga, katika mkoa ulioitwa Bas-Congo wakati huo.

Basi muuguzi wa Kikula au Panda, huko Likasi, ayataje majina yote mawili. Mwenye tegu wa utumbo atajua kwamba kumeza dawa mapema kunailinda familia yake nzima, na aliyeanguka kifafa atapelekwa hospitalini badala ya kudhaniwa karogwa.