Ua Unaotazama Ndani

Tembea mtaa wowote wa Nairobi wenye pesa kidogo, kisha utazame kuta. Juu kuna vipande vya chupa, au seng'enge, au nyaya za umeme. Kila kitu kimeelekezwa nje, kwa mtu anayepita. Paka naye? Anapanda mwembe, anakanyaga katikati ya chupa, huyo barabarani. Ukuta haukujengwa kwa ajili yake. Hapo ndipo huwa najiuliza: tulianza lini kujenga nyua za kuogopa watu?

Maanake za wanyama zilikuwepo zamani sana. Boma la Wamaasai, lile la matawi ya miiba, lilikuwa na kazi inayoeleweka hata na mtoto: usiku ng'ombe ndani, simba na fisi nje. Hata seng'enge, ambayo Joseph Glidden wa Illinois aliipatia hataza mwaka 1874, ilitengenezwa kwa sababu ya ng'ombe.

Huku kwetu ikabadilishiwa kazi. Walowezi walizungushia mashamba seng'enge, na nyumba zao kayaba, ule mti wa miiba mikali uliotoka Afrika Kusini. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni 1 wa Kati walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Boma likawa jela. Uhuru ulikuja, lakini woga ulibaki, na ujambazi wa miaka ya 1990 ukazidi kupandisha kuta za Nairobi.

Paka hakuwahi kuingia kwenye hesabu hizi. Huko Kupro, mwaka 2004, wanaakiolojia walitangaza kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hivyo lazima mtu alimleta kwa chombo. Alipendwa, lakini hakufungiwa. Kazi yake ilikuwa panya, na panya hawafuatwi ukiwa umefungwa. Ni juzi tu, 1947, ambapo Ed Lowe wa Michigan alianza kuuza udongo wa choo cha paka, na ikawa rahisi paka kushinda ndani siku nzima.

Wetu wengi bado wanazurura, ila nje ya leo si ile ya ghala na panya. Paka wangu wa kwanza, Tangawizi, alipenya chini ya nyaya za umeme za ploti yetu, akagongwa na bodaboda upande wa pili. Ukuta ule ulizuia kila mtu isipokuwa yeye.

Dawa yake inajulikana, na cha kuchekesha ni kwamba Australia huitumia kinyume. Kule Newhaven, 2018, walimaliza ua wa kilomita 44 wa kuwazuia paka mwitu wasiwamalize wanyama wadogo wa asili. Una urefu wa mita 1.8, na juu waya umeachwa legelege, umejikunja kuelekea nje. Paka akifika pale, waya unayumba, anakosa pa kushika, anashuka.

Nyumbani unageuza tu mkunjo. Waya wa kuku juu ya ukuta, umeinamia ndani, usikazwe sana. Ziba nafasi chini ya geti. Kata matawi yaliyo karibu na ukuta, la sivyo umempa ngazi. Unaishi ghorofani? Waya huohuo kwenye balkoni unatosha.

Nilipopata paka mwingine nilimwita fundi. Alipima, akakata waya, kisha akauliza, "Hii mdomo inaangalia nje, si ndiyo?"

Nikamwambia ndani.

"Ndani? Sasa mwizi?"

"Mwizi ana ukuta wake, fundi. Huu ni wa paka."